Uliza Mjomba: Mafia ni ya nani, na halmashauri yake inafanya nini hasa?

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba wasomaji mliotoka visiwani mniletee maswali kuhusu serikali za kwenu. Simu haijapumua tangu hapo, na nusu ya meseji ni za watu wa Mafia walioko Mbagala, Temeke na Kigamboni, kumbe mko wengi hivo. Kwaiyo wiki hii ukurasa mzima tunaupa Mafia, na mmoja wa Tumbatu kule Zanzibar kajipenyeza katikati, nimemuacha maana swali lake ni zuri. Wale wa mirathi na kodi ya nyumba mnivumilie hadi toleo lijalo.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mi nimezaliwa Temeke ila bibi mzaa mama ni wa Chole. Kila nikisema kwetu Mafia watu wananiuliza "kwaiyo we Mzanzibari?" mpaka nachoka. Naomba unieleze kisiwa kile kiliingiaje Mkoa wa Pwani na zamani kilikua kinatawaliwa na nani. (Mpwa wako, Temeke)

Marahaba mpwa. Wanaokuuliza hivo hawajakosea sana, wamechelewa tu kama miaka mia na kitu.

Mafia ina utawala wa siku nyingi kuliko Dar hii tunayojivunia. Imetajwa kwenye tarikhi ya Kilwa, na kule Ras Kisimani, ncha ya magharibi ya kisiwa, zimeokotwa sarafu za masultani wa Kilwa, maana yake mji ule ulikua chini ya mkono wao au angalau ulikua unafanya nao biashara kubwa. Mji wa pili ulikua Kua, uko kisiwa cha Juani, magofu yake yapo mpaka leo, misikiti na jumba kubwa limemezwa na mizizi. Wazee wa kwenu watakua wamekusimulia ile hadithi ya uhasama: watu wa Kisimani wanashusha jahazi jipya majini wakalipitisha juu ya miili ya watoto wa Kua, afu watu wa Kua wakanyamaza miaka, wakaja kuwaalika wenzao harusini, wakawaweka chumba cha chini, wenyeji wakatoka mmojammoja kisha mlango ukajengwa ukuta. Mi siwezi kukuapia kama ilitokea kweli, ila inakuonesha kitu kimoja, kwamba hapakua na serikali moja ya kisiwa kizima, kila mji ulikua na wakubwa wake na visasi vyake.

Kua ikafa miaka ya 1820 hivi, walipokuja Wasakalava kutoka Madagascar na mitumbwi yao, wakachoma na kuteka watu. Baada ya hapo makao yakahamia Chole, kwa bibi yako, chini ya Sultani wa Zanzibar. Kipindi hicho ndo mashamba makubwa ya minazi yakashamiri, na tusipambe maneno, yalilimwa na watumwa. Kwaiyo anayekuita Mzanzibari anaongelea enzi hizo.

Sasa 1890 wakubwa wa Ulaya wakakaa mezani. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai mwaka huo ndo ule uliowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland, na Waingereza wakabaki kuwa walinzi wa Unguja na Pemba. Mafia ikawekwa upande wa Mjerumani pamoja na pwani yote ya huku kwetu, na Sultani akalipwa marki milioni 4 kwa ukanda wote huo. Hakuna mtu wa Chole aliyeulizwa. Wajerumani wakakalia Chole wakajenga boma, ila meli zao zilikua kubwa na ghuba ya Chole inawapa shida, kwaiyo 1913 wakahamisha makao kwenda Kilindoni upande wa magharibi. Ukisikia leo kila ofisi iko Kilindoni, sababu ya mwanzo ni nanga ya meli ya Mjerumani, mwananchi wa Chole anayetakiwa kuvuka maji ndo apate gari hakuwepo kwenye hesabu.

Hapo Kilindoni hawakukaa hata miaka miwili wakafukuzwa. Januari 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, Waingereza waliteremka Mafia wakaichukua, shida yao ilikua ile manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji ng'ambo tu ya hapo. Wakatengeneza kiwanja cha ndege Mafia, ndege zikawa zinaruka kuangalia manowari imekaa wapi, na Julai 11 mwaka huohuo wakaimaliza. Kisiwa kikaendelea kuongozwa kupitia Zanzibar mpaka 1922 kikakabidhiwa Tanganyika. Hapo ndo jibu lako mpwa: Mafia ilirudi kidogo Zanzibar wakati wa vita, ikakabidhiwa Tanganyika 1922, na 1964 Muungano ulipokuja ilikua ishakua bara kitambo. Mwaka huohuo wa 1922 ndo sheria ya kufuta utumwa Tanganyika nayo ikapita, kwaiyo kwa mababu wengi wa Mafia mwaka ule ulikua na mambo mawili kwa mpigo, na nadhani la pili liliwagusa kuliko la bendera.

Wakikuuliza tena, waambie we Mtanzania wa Mkoa wa Pwani, makao yenu makuu ya mkoa yako Kibaha. Wakicheka waache wacheke, kichekesho kipo kweli: afisa wa Mafia akiitwa kikao Kibaha anavuka bahari hadi Nyamisati, anatokea Bungu, Mkuranga, anapita Mbagala hapa, anaikata Dar yote ndo afike mkoani kwake.

SWALI: Mjomba habari za kazi. Nina duka la vifaa vya uvuvi huku Feri na wateja wangu wengi wanatoka Mafia. Wananichanganya, mmoja anasema DC kakataa, mwingine mkurugenzi, mwingine diwani. Nani mkubwa pale na halmashauri inafanya nini hasa, maana kodi naona wanalipa. (Baba Rehema, Kigamboni)

Salama kabisa Baba Rehema. Swali lako limebeba historia nalo, nianzie huko kidogo.

Mwingereza alipoweka sheria yake ya mamlaka za wenyeji 1926, enzi za Gavana Cameron, huku bara walitafuta machifu. Pwani hapakua na machifu wa aina hiyo, kwaiyo wakaendelea na maliwali, maakida na majumbe, yaani wakubwa wa miji, wa maeneo na wa vijiji, waliorithiwa kwa Sultani na Mjerumani. Mabaraza yenye sura ya halmashauri yakaja na sheria ya 1953. Uhuru ukaja, 1963 uchifu ukafutwa, halmashauri zikabaki zinasuasua, halafu 1972 serikali ikazifuta kabisa, ndo ile sera ya Madaraka Mikoani. Ilisemwa madaraka yanapelekwa kwa wananchi, kilichotokea ni maafisa wa serikali kuu kupelekwa mikoani na wilayani wakashika kila kitu. Miaka kumi hivi hamna diwani wala baraza. Barabara, zahanati na visima vikaoza nchi nzima hadi wenyewe serikalini wakakubali, 1982 zikatungwa Sheria namba 7 ya mamlaka za wilaya na namba 8 ya mamlaka za miji, halmashauri zikaanza tena kazi 1984, zikaingizwa na kwenye Katiba, ibara ya 145 na 146. Kwaiyo halmashauri unayoisikia Mafia ina umri wa kijana wa miaka arobaini na kidogo, wakati kisiwa kimetawaliwa na watu wa nje karne kadhaa. Mazoea ya kumuogopa mtu wa Kilindoni yalikuepo kabla.

Sasa nani mkubwa. DC, yaani mkuu wa wilaya, anateuliwa na Rais, ni macho ya serikali kuu wilayani, ulinzi na usalama ni wake. Mkurugenzi, wengi mnamwita DED, naye anateuliwa na Rais lakini kazi yake ni kuiendesha halmashauri, saini ya hela ni yake na kwenye baraza ndo katibu. Madiwani wanachaguliwa na wananchi kwenye kata siku moja na Rais na mbunge, wanaongezwa wale wa viti maalum, na mbunge wa jimbo naye ni mjumbe. Madiwani wenyewe wanamchagua mwenyekiti wa halmashauri katika wao. Kwa karatasi baraza la madiwani ndo bosi: linapitisha bajeti, linatunga sheria ndogo, linahoji matumizi. Kwa mazoea ya kila siku, diwani mwenye elimu ya darasa la saba anamhoji mkurugenzi aliyeteuliwa na Rais, hapo we mwenyewe pima nani anainamisha macho.

Kazi za halmashauri ni shule za msingi na sekondari, zahanati, vituo vya afya na hospitali ya wilaya, maafisa kilimo na uvuvi, masoko, usafi, mipango ya ardhi. Wateja wako inawahusu zaidi leseni za wavuvi wadogo na vyombo vyao, na ushuru wa mazao ya bahari. Nazi nazo zina ushuru, ule wa mazao ya biashara ulishushwa 2017 ukawa asilimia 3 ya bei ya shambani. Kutokana na mapato yao ya ndani wanatakiwa watenge asilimia 10 kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo ile ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, kwaiyo mteja wako akikuambia wameunda kikundi cha kununua boti usimcheke.

Ila angalia na walivyopunguziwa. Barabara za wilaya saivi ni za TARURA, wakala wa serikali kuu, tangu 2017. Maji vijijini ni RUWASA, wakala mwingine, tangu 2019. Kodi ya jengo unakatwa kwenye LUKU, halmashauri haiikusanyi yenyewe. Kivuko cha Nyamisati ni TEMESA, wakala wa serikali wa vivuko. Bahari yenyewe sehemu kubwa ya kusini ina mwenyewe mwingine, hilo nalijibu chini. Kisiwa cha watu zaidi ya 66,000 kwa sensa ya 2022, hakina viwanda vingi, mapato ya ndani ni samaki, nazi na wageni wa hoteli, mishahara ya walimu na manesi inatoka Hazina. Mi naona wananchi wanaidai halmashauri vitu ambavyo haina tena, na halmashauri nayo inaona aibu kusema haina.

SWALI: Mjomba, kaka yangu ni mvuvi kijiji kimoja ndani ya hifadhi. Doria ilimchukulia nyavu. Kaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kaenda kwa diwani, wote wanamwambia "hiyo sio yetu". Sasa diwani tulimchagua wa nini? (Mdogo mtu, Mbagala Rangi Tatu)

Pole kwa kaka. Diwani hajamdanganya, ingawa angeweza kusema kwa adabu zaidi.

Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilitungwa 1994 na mwaka uliofuata Mafia ikawa hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania, kilomita za mraba 822, imechukua kusini ya kisiwa chote na Chole, Juani na Jibondo ndani yake na vijiji vyao. Inaendeshwa na kitengo cha wizara inayohusika na uvuvi, sio halmashauri. Wana kanda zao, pengine huruhusiwi kuvua kabisa, pengine ni wenyeji tu kwa zana fulani, pengine pamefunguliwa zaidi. Juya, ule wavu wa kukokota, na baruti ni marufuku popote, hifadhi iwepo isiwepo. Kwaiyo cha kwanza muulize kaka kwa upole, nyavu zilikua za aina gani na zilikua wapi. Kama ni juya hapo hamna diwani wala mbunge.

Kama zana ni halali na eneo ni halali basi adai hati ya kukamatiwa mali, hata karatasi ya mkono yenye jina la aliyechukua. Bila hiyo anabishana na upepo. Hiyo karatasi aende nayo ofisi ya hifadhi Utende akiwa na mtendaji wa kijiji, sio peke yake. Na hapa ndo kazi ya diwani inapoanza: nyavu hawezi kuzirudisha kwa amri, lakini anaweza kuuliza hoja kwenye baraza, ikaandikwa kwenye muhtasari, mkurugenzi akatakiwa kuwaandikia hifadhi. Hifadhi haikuwekwa juu ya jangwa, vijiji vilikuepo na serikali zao, na sheria yenyewe inataka vishirikishwe. Ugomvi wa miaka yote kule, mi ninavyouona, hautokani na samaki kulindwa, wavuvi wengi wanataka matumbawe yalindwe maana walioyaharibu kwa baruti wengi walikua wageni. Unatokana na mvuvi kutojua akalalamike mlango gani. Milango imekua mitatu na kila mmoja unakuelekeza mwingine.

SWALI: Asalam aleikum. Mi mtu wa Tumbatu niko Dar nafanya kazi bandarini. Wenzangu wa bara kila siku wanaongea uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, sisi mbona hatuna, tuna sheha tu. Nani kaipanga hivi? (Abiria wa boti)

Waaleikum salaam. Serikali za mitaa sio jambo la Muungano, kwaiyo Zanzibar ina sheria zake. Sheha anateuliwa na mkuu wa mkoa, hapigiwi kura. Yuko kwenye mstari wa serikali: mkoa, wilaya, shehia. Pembeni kuna mabaraza na halmashauri zenye madiwani waliochaguliwa, sheria zote mbili, ya utawala wa mikoa na ya serikali za mitaa, zilitungwa upya 2014. Huku bara Novemba 27, 2024 watu walipiga kura za vijiji, mitaa na vitongoji. Ubora wa kila upande ni mjadala wa baraza la kahawa. Nnachoweza kusema ni kwamba sheha anajua kila mtu na kila nyumba, na mwenyekiti wa kijiji ana mkutano unaoweza kumuuliza, ukitumika.

SWALI: Mjomba, hiyo mikutano ya kijiji inasaidia kweli? Mi nimehamia Mafia kikazi kutoka Sinza, naona watu hawaendi. (Mwalimu)

Hongera mwalimu, umetoka Sinza kwenye kelele umepata upepo wa bure.

Ujue kwanza kitu ambacho watu wa Dar hatukijui. Mtaa wako wa Sinza kisheria ni mdogo kuliko kijiji. Halmashauri ya kijiji ikishasajiliwa ni mtu kamili mbele ya sheria, inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, kutunga sheria ndogo. Mtaa hauna hayo. Na juu ya halmashauri ya kijiji kuna mkutano mkuu, kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea, na we mwalimu umo, unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe.

Niliwahi kukaa kwenye mmoja, kijiji sikitaji. Watu chini ya mwembe, wanaume upande huu kina mama upande ule, mtendaji kasimama na daftari anasoma mbio kama anakimbizwa, shajala kiasi fulani, posho ya kikao, usafiri wa kwenda Kilindoni, shajala tena. Mama mmoja mkaanga pweza, khanga kiunoni, akanyoosha mkono, akauliza shajala ni nini. Akaambiwa ni kalamu na karatasi. Akasema mi nimesikia shajala mara nne, mmeandika barua kwa nani zote hizo? Watu wakacheka ila mtendaji akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma upya taratibu, na safari hii kila mstari una swali. Ilichukua mpaka alasiri. Mwenyekiti akaahidi mbele ya watu kwamba karatasi itabandikwa ubaoni ofisini, na ilibandikwa kweli, japo kwa penseli.

Watu hawaendi kwa sababu mikutano inaitishwa maji yakiwa mazuri ya kuvua, au inaitishwa pale tu mgeni wa mradi anapokuja. Ukiweza, mshauri mtendaji atazame bamvua, siku za maji makubwa, kabla hajapanga tarehe. Na kwa kua we ni mwalimu, jitolee kuandika muhtasari, hakuna anayeutaka ule mzigo, watakupa siku hiyohiyo.

SWALI: Nimeona kiwanja cha ufukweni Mafia, bei nafuu kuliko Kigamboni. Mwenyekiti wa kijiji anasema nikimlipa yeye anasaini leo. Nichukue? (Mwenye haraka, Tabata)

Tulia kwanza. Mwenyekiti peke yake hana ardhi ya kukupa. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji na ugawaji unapitishwa na mkutano mkuu. Muombe muhtasari wa vikao vyote viwili wenye mahudhurio na muhuri, na ukasome mwenyewe ofisini, usiridhike na picha ya WhatsApp. Pesa yoyote ya kijiji inalipwa kwa risiti ya kijiji. Alafu nenda Kilindoni kwa afisa ardhi wa wilaya ujue kama hapo ni ndani ya hifadhi au pamepangwa matumizi mengine. Na ufukwe una mita 60 kutoka maji yanapofika yakijaa, humo hujengi kitu cha kudumu, hiyo ni sheria ya mazingira ya 2004. Ukitoa hizo mita 60 pima tena kiwanja kimebaki na ukubwa gani, ndo urudi kwenye bei.